Hita ya Zamani ya Bibi Yinhao

Sisi watu wa Shunde, mji wa viwanda kusini mwa China, hatufundishwi habari za maji ya moto. Kamfundishe samaki kuogelea kwanza, kisha uje kwetu. Baba yangu, Mai Guoxiong, anaunda hita za gesi kiwandani. Nilikuwa nikiwatambia wenzangu, "Nusu ya dunia inaoga kwa mkono wa baba yangu. Bila yeye, ng'ambo wangenuka."

Basi ungeingia kwetu uione hita yetu wenyewe! Ilitundikwa bafuni kabla sijazaliwa. Ilikuwa imeshika kutu, na bomba lake la moshi limeoza. Ukiiwasha, ilikohoa kwanza kama mzee anayetaka kuhutubia.

"Bibi, hita yako inaomba pensheni," nilimtania siku moja.

Bibi Yinhao, mama yake Baba, alikuwa anaparua samaki. Hakuinua hata macho.

"Kaombe wewe kazi kwanza, ndipo uiombee hita pensheni. Kitu kipya miaka mitatu, kikuukuu miaka mitatu, kikiwa na viraka, miaka mitatu mingine. Hivyo ndivyo nilivyomlea baba yako."

Majira ya baridi ya mwaka ule kiwanda kilipooza. Nchi moja ya ng'ambo iliyokuwa ikinunua hita nyingi ilipandisha ushuru. Wanunuzi wakafuta oda zao. Hita mpya zikarundikana ghalani mpaka zikagusa dari. Baba akawa anaitwa kazini siku chache tu kwa wiki. Siku nyingine alikaa mezani, anaitazama chai mpaka inapoa.

Jioni moja alikuja Shangazi Suizhen, jirani yetu wa ghorofa ya chini, kutuletea machungwa. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa gesi. Aliingia bafuni kunawa mikono. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Yinhao, moto wa hita hii ni wa manjano. Ukuta nao umejaa masizi. Moto mzuri ni wa buluu."

"Manjano ni rangi ya dhahabu," Bibi akasema.

"Hii ni rangi ya msiba, mama. Gesi isipoungua vizuri hutoa hewa ya sumu. Huioni, huinusi. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, miguu inalegea. Unadhani ni uchovu tu. Ukilala hapo, huamki. Na bomba lenu limetoboka. Sumu yote inabaki ndani."

"Tutafungua dirisha."

"Kwa baridi hii? Nani atafungua?"

Shangazi akamgeukia Baba.

"Guoxiong, si ununue mpya? Ukirudisha ya zamani, serikali inakupunguzia bei. Na huko kiwandani kwenu zimejaa tele!"

Baba akainamisha kichwa. "Dada, kazi yenyewe inayumba. Huu si wakati wa kununua."

"Kila nyumba inasema hivyo hivyo, ndugu yangu. Ng'ambo hawanunui kwa sababu ya ushuru. Sisi hatununui kwa sababu ya hofu. Sasa hizo hita atanunua nani? Zisiponunuliwa, kiwanda kinapunguza watu. Watu wakipunguzwa, hofu inazidi."

Bibi akaangua kicheko. "Kwa hiyo mimi kikongwe niuokoe uchumi wa China kwa kuoga?"

Tulicheka sote, hata Shangazi. Lakini alimshika Bibi mkono.

"Uchumi uache. Jiokoe wewe. Sikwambii ununue televisheni. Ila kitu kinachoweza kuua hakingojewi."

"Akiba yangu ni ya hospitali," Bibi akasema. "Nikianguka, atanilipia nani? Huyu asiye na kazi? Mwaka Mpya upite kwanza, tutaona."

Kwa Bibi, "tutaona" ilikuwa ni "hapana" iliyovalishwa nguo za adabu.

Mkesha wa Mwaka Mpya, kila mtu kwetu huoga maji yenye majani ya mbalungi, kuondoa nuksi. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Baridi ilipenya mpaka mifupani. Tukafunga dirisha la bafu. Baba akaoga. Mama akaoga. Nikaoga mimi, nikatoka kichwa kinaniuma. Nikadhani ni pombe aliyonimiminia Baba. Bibi akaingia wa mwisho, kama kawaida yake. Hita haikuwa imepumzika hata kidogo.

Samaki alianza kupoa mezani.

"Bibi! Unajisugua mpaka urudi usichanani?" nikapaza sauti.

Maji yaliendelea kumwagika. Hakunijibu. Bibi hakuwahi kukosa la kunijibu.

Baba alivunja mlango. Shangazi Suizhen alisikia mayowe ya Mama, akapanda ngazi mbio.

"Fungueni madirisha! Fungeni gesi! Mtoeni nje apate hewa! Piteni, piteni!"

Tulimbeba mpaka kwenye ngazi. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, lakini Bibi alikuwa amekwisha kwenda. Mashavu yake yalikuwa mekundu, kama mtu aliyetoka kucheka sasa hivi. Mikono yake ilinukia majani ya mbalungi.

Hospitali haikuihitaji ile akiba. Tuliitumia kumzika.

Baada ya msiba, Baba alinunua hita iliyotoka kwenye meza yake mwenyewe ya kazi. Fundi wa gesi mwenye kibali aliifunga nje ya bafu, bomba lake likatolewa nje ya ukuta. Alituwekea na king'ora cha kunusa hewa ya sumu. Ile ya zamani wauzaji waliichukua. Baba aliisindikiza mpaka chini kwenye gari.

Tangu hapo mimi, Baba na Shangazi tunapita mlango kwa mlango. Tunatazama rangi ya moto, masizi na bomba. Nyumba nyingi za jengo letu zimebadilisha hita. Katika nyumba moja king'ora kililia asubuhi, wakatoka wote wazima. Kiwanda nacho kimefungua duka getini, kinawauzia watu wa hapa hita zilizokosa meli. Mambo bado si kama zamani, lakini Baba anaitwa kazini karibu kila siku.

Aliyebaki mbishi alikuwa Mzee Bingkun wa jengo la pili. Jana tulikwenda kwake.

"Mzee, usiogope kitu kipya," nikamwambia. "Mimi huoga kila jioni. Naacha dirisha wazi kidogo, maji yanatiririka ya moto, naimba mpaka nasahau kutoka."

Mzee Bingkun akageukia dirisha lake.

"Hita leteni, nitanunua," akasema. "Lakini nyimbo hizo kazisikia nani, kijana? Dirisha langu linatazamana na jiko lenu. Tangu bibi yako aondoke, kila jioni nakuona unachemsha birika, unasimama ndani ya beseni, unajimwagia kwa bakuli huku unatetemeka. Bafuni huingii."

Shangazi akanigeukia. Baba naye akanigeukia, taratibu. Nilitafuta mzaha wa kuwajibu. Sikuupata.