Matanga Kando ya Kibasi

Giaboksi mbovu hulalamika barabarani, inapobebeshwa mzigo. Hilo angekuambia fundi yeyote wa mtaa wa Bwiza, hata wale mafundi wa uongo wanaofungua boneti ili wapate kivuli. Kibasi cha Gélase kilikuwa na tabia nyingine. Kikienda kilitulia kama maji ya mtungi. Kikisimama tu, injini inaunguruma na gia iko huru, ndipo kilipoanza kuvuma.

Gélase alikirudisha kwa fundi Massoudi juma moja baada ya kubadilishiwa oili ya giaboksi hapo hapo karakanani. Alikuwa dereva wa njia ya Gatumba, mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakutania. Alieleza kuwa sauti huja kwenye vizuizi vya askari, abiria wakiwa wamekaa wakingoja kukaguliwa vitambulisho, na kwamba wanawake wenye watoto mgongoni hushuka wakaenda kusimama mbali juani. Juzi askari mmoja aliamuru mlango wa nyuma ufunguliwe, akapekua magunia ya unga mpaka chini, akitafuta mtoto aliyefichwa. Sasa abiria walikuwa wanamkimbia, na mkewe Adélaïde ndiyo kwanza amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja. Kibasi kikilala, nyumba nzima inalala na njaa.

"Fundi, mi sitakudanganya," alisema kwa sauti ya chini. "Hii gari iko na mutu ndani."

Massoudi alicheka. Alikuwa fundi mwenye jina, na kama mafundi wote wenye jina, majivuno hayakumpungukia. Alimwambia Gélase awashe injini, gia iwe huru, kisha akanyage klachi. Sauti ikakatika. Aachie. Sauti ikarudi. Massoudi akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa: klachi ikikanyagwa, injini haizungushi tena giaboksi, kwa hiyo kinacholia kimo ndani ya giaboksi yenyewe, na mara nyingi ni beringi ya mbele iliyokula chumvi nyingi. Ni kazi ya siku moja, akasema, beringi ikipatikana. Lakini hapo ndipo penye shida, maana ulikuwa wakati wa ambargo, nchi jirani zimefunga mipaka, na beringi mpya ilisikika tu katika hadithi.

Ili awe na hakika akachukua nondo yake. Ilikuwa kipande kifupi cha chuma alichorithi kwa babake; ncha moja huwekwa kwenye giaboksi, nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, na kwa nondo hiyo aliweza kujua jino gani la gia limevunjika kabla ya kufungua skrubu hata moja. Akaingia chini ya gari, akalala chali, akasikiliza.

Beringi iliyokufa hukwaruza. Hii haikukwaruza. Ilipanda, ikashuka, ikapumua, ikapanda tena pale pale ilipopandia mwanzo, na polepole Massoudi akatambua kwamba anasikiliza bembelezo, wimbo wa kumlaza mtoto, usio na maneno, ukiimbwa na mwanamke aliyefumba mdomo. Kisha ikaja harufu, si ya oili wala ya chuma, bali ya maziwa yaliyoungulia chini ya sufuria. Akapaza sauti kumwambia Gélase akanyage klachi.

"Nimeshakanyaga, Fundi," Gélase akajibu kutoka juu. "Kitambo."

Massoudi akamwambia azime, na injini ikazimwa, na ua mzima ukawa kimya hata wakasikia kuku wa jirani akiparua takataka, lakini ndani ya nondo wimbo uliendelea bila haraka, ukafika mwisho wake kama mtu anayemaliza ubeti kabla ya kuinuka, kisha kitu kilichokuwa ndani ya chuma kile kikavuta pumzi, karibu sana na sikio lake, karibu kama mke anavyopumua kitandani. Alitoka chini ya gari kwa mgongo, nondo akaiacha huko huko. Alimwambia Gélase akiache kibasi aende nyumbani kwa miguu.

Nyumba yao ilikuwa ndani ya ua ule ule. Mkewe, Mwanasiti, alikuwa amekaa mkekani na binti yao wa pekee, Soumaya, mapajani. Mtoto alikuwa hajaamka tangu asubuhi, mwili unachoma, na katika usingizi wake alikuwa akivuma. Massoudi alimsikia tangu mlangoni. Ulikuwa wimbo ule ule.

"Baba Soumaya," Mwanasiti alinong'ona, "huyu mutoto amesikia wapi hii kitu? Jana aliniambia iko mama mwingine kule kwenye gari. Anasema huyo mama anamuita, juu mikono yake haina kitu."

Ndipo ilipomrudia ile jioni ya kubadilisha oili. Kwa kawaida oili chakavu haikumwagwa, ambargo ilikuwa imewafundisha watu kutunza hata masizi. Lakini ile ilikuwa imeingia maji ya mto, imegeuka nyeupe, haifai hata kupaka bawaba. Kibasi kilikuwa kimetoka Gatumba mbio, oili inachemka. Jua lilikuwa linazama, kuvrefe, saa ya kutotoka nje, inakaribia, na upande wa vilimani bunduki zilikuwa zimeanza kusemezana. Massoudi alibeba kopo mbio mpaka kwenye shimo la majivu nyuma ya karakana, akamwaga yote kwa mkupuo, akakimbilia ndani. Mtoto yeyote wa Kiislamu aliyelelewa Bwiza anajua kwamba kitu cha moto hakimwagwi ardhini saa ya Magharibi bila bismillahi, ili majini wenye mahali pao wapate kusogeza watoto wao. Mama yake alimpiga kofi kwa ajili hiyo zamani, juu ya maji ya wali tu. Jioni ile hakusema kitu.

Akaenda kumwita Shehe Aboubacar, mwalimu wa madrasa, mzee mkali mwenye kikohozi, asiyependa hirizi wala waganga wa kuku weusi. Shehe alisikiliza habari yote bila kumkatiza, kisha akavua kilemba, akaingia chini ya kibasi na kanzu yake nyeupe, akaitafuta nondo, akaiweka nyuma ya sikio. Alikaa huko muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inasoma, kisha ikaacha kusoma, ikawa inauliza, na ikawa inangoja majibu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na sauti imeshuka.

"Apana shetani huyu," alisema. "Ni mama amefiwa. Mutoto wake aliungua pale kwenye majivu, na oili ya hii gari. Kama namufukuza leo, ataenda, lakini ataenda na kitu mukononi."

Massoudi akauliza wafanye nini.

"Jirani yako akifiwa munafanya nini? Munakaa matanga. Basi mukae. Kila siku kisha Alasiri uwashe gari, isimame hapa, yeye aimbe, na nyinyi mukae naye mupaka Magharibi. Siku atanyamaza mwenyewe, imeisha. Lakini samahani utaomba weye, na mudomo wako, apana muke wako. Na gari isitoke. Mufiwa haondolewi matanga hayajaisha."

Wakatandika mkeka kando ya kibasi. Mwanasiti akapika kahawa, akaweka na kikombe kimoja cha ziada chini ya giaboksi, na kila alasiri injini iliwashwa, sauti ikaanza. Majirani walichungulia juu ya ua wakacheka kwa mikono mdomoni: fundi amefiwa na gari. Massoudi alikaa kichwa chini, masikio yanawaka. Alimwogopa aliyekuwa ndani ya chuma, naam, lakini mbele ya majirani aliona haya zaidi, na kila siku alijiambia neno lile la samahani atalisema kesho.

Mwanasiti hakuona haya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa amezika wawili kabla ya Soumaya. Siku ya pili alisogea, akaweka kiganja kwenye bodi ya gari, akasema polepole, "Pole, dada. Na mi nilizika. Najua." Wimbo ukakatika katikati, na badala yake kikaja kilio kidogo cha kwikwi, cha mtu aliyejizuia siku nyingi. Mwanasiti alilia naye. Jioni hiyo homa ya Soumaya ikashuka, na kila siku iliyofuata kilio kilipungua, mpaka asubuhi moja mtoto akaamka, akaomba uji.

Asubuhi hiyo hiyo Gélase akaja. Alikuwa amekonda. Alisema maziwa ya Adélaïde yamekauka kwa njaa, mtoto analia usiku kucha, na mkewe atamwambia nini. Massoudi alijua kwamba alasiri bado giaboksi ingelia, kidogo, lakini ingelia. Alijua pia neno lililobaki na nani aliyepaswa kulisema. Mwanasiti alikuwa mlangoni akitikisa kichwa. Massoudi alimtazama binti yake akiramba kijiko, hofu ya siku zote zile ikamjia kwa pamoja, akatoa ufunguo mfukoni. Alijiambia anamhurumia Gélase. Moyoni alijua kwamba anamtoa mgeni kwake.

Kibasi kiliondoka kimya kabisa. Kikombe cha kahawa kikabaki mavumbini, kimejaa.

Kibasi kilirudi adhuhuri moja, jua kali, mwezi mmoja haujapita. Gélase alikuwa amerudiwa na mzaha wake, amenenepa kidogo, abiria wamerudi. Adélaïde alishuka upande wa pili, mtoto mgongoni ndani ya kitenge. Gélase alimpa Massoudi mkono mara mbili, akamsifu kwamba kibasi sasa hakina sauti hata kidogo, kikienda au kikisimama.

"Na mutoto naye amepona kulia," aliongeza akicheka. "Ni kulala tu, muchana na usiku. Hii gari imeleta baraka."

Adélaïde hakucheka. Alingoja mumewe ainame kutazama tairi, akamsogelea Massoudi, na alipokuwa karibu harufu ikaja naye, harufu ya maziwa yaliyoungua, kutoka ndani ya kitenge.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo sana, "we ulifungua ile bwati ya gia. Ulikuta nini? Juu nikimulaza mutoto kitandani, nikirudi namukuta amefunikwa vizuri. Mi sikumufunika. Na iko mutu anamuimbia."

Massoudi akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, tayari, na pamoja nalo lile jingine ambalo hakuwahi kulisema kando ya mkeka. Ilitosha kusema kirudisheni kibasi, tukae tena. Kutoka mlangoni kwake Soumaya alikuwa anamtazama, mzima, na ganda la muwa mkononi. Ndani ya kitenge kitu kikaanza kuvuma, kikapanda, kikashuka, kikapumua.

"Gari iko muzima," Massoudi alisema. "Nilikuta oili tu."

Adélaïde aliendelea kumtazama mpaka Gélase alipomwita. Walipanda, wakaondoka taratibu kuelekea barabara ya Gatumba. Massoudi alibaki amesimama katikati ya ua, na nyuma yake akasikia Mwanasiti akimwingiza Soumaya ndani, kisha akishusha komeo.