Mgongo Mkavu

Nilitoka nyumba ya msiba magharibi ikikaribia, dumu dogo nimelificha chini ya baibui. Mungu anisamehe. Ndani yake mlikuwa na maji ya maiti.

Siyo yaliyomwosha. Yaliyokuwa yamwoshe.

Marehemu alikuwa mshonaji wa mtaani kwetu. Kiangazi kilikuwa kimekausha mabomba, visima vimebaki tope, basi kila nyumba ilitoa kopo la maji ili mama wa watu asiende kaburini na jasho lake. Tulikuwa waosha wawili. Mwenzangu ni mtu wa utani hata mbele ya jeneza.

"Mwosha huoshwa," aliniambia, "lakini kwa jua hili, shoga, wewe tutakuosha kwa mate."

Akatoka kufuata sanda. Nikabaki na marehemu... na ndoo.

Uso nilimwosha. Kifua, mikono, miguu, vyote kwa haki yake. Ilipofika kumgeuza, nikamkumbuka mjukuu wangu, anaharisha tangu juzi, analia bila machozi. Nikamimina yaliyobaki kwenye dumu. Mwenzangu aliporudi nikamwambia, tayari. Tukamvisha sanda, wanaume wakaenda kumzika.

Nyumbani nilimkuta binti yangu amempakata mtoto, anampepea kwa kipande cha boksi.

"Umeyapata wapi, mama?"

"Mungu kaleta."

Nikaubandika wizi wangu jina la Mungu. Hilo linaniuma kuliko wizi wenyewe.

Nikayachemsha, nikatia chumvi na sukari. Yalipoanza kutokota, chumba kikajaa harufu ya karafuu maiti. Nikanusa mikono yangu. Haikutoka mikononi.

Ilitoka mlangoni.

"Hodi..."

Sauti ndogo, ya mtu aliyebana pini midomoni. Mtaa mzima tuliijua sauti ile.

Nilifungua mlango kidogo tu, kiasi cha jicho. Alisimama kizani, amefunikwa nyeupe. Kwa mbele alikuwa amelowa, anachuruzika. Tone... tone... Kisha akageuka taratibu, kama mteja anayepimwa nguo.

Nyuma palikuwa pakavu. Vumbi tupu.

"Umenisahau mgongo, shoga."

 Nikaitafuta aya ninayoisoma kila siku ya maisha yangu. Sikuipata.

"Nani, mama?" binti yangu akauliza huku nyuma.

"Upepo. Mnyweshe mtoto."

"Ni yangu hayo," akanong'ona yule wa nje. "Nipe, nikalale."

Nikageuka. Kijiko kilikuwa kimefika midomoni mwa mjukuu wangu. Alikuwa ananyonya kile kijiko kwa pupa, macho ameyafumba. Ningesema neno moja tu, binti yangu angekiweka chini.

Sikulisema.

"Nina mtoto," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Niwie radhi. Siwezi."

 Nilisikia matone tu.

"Haya," akasema. "Basi nitangoja mvua."

Akasogea kando, akaegemea ukuta wetu.

Alfajiri mtoto alikojoa, akalia machozi ya kweli. Binti yangu alisujudu kwa furaha. Mimi nilitoka nje. Sikuona mtu, ila harufu ile ipo pale ukutani, na kuku hawapiti hapo. Nilimweleza mwosha mwenzangu. Hakutania. Alisema kiu huchezea kichwa, nikapumzike. Lakini tangu siku hiyo, akija kwetu hupitia mlango wa uani.

Na mimi sijui kinachomngojesha ni mgongo tu, au ni mimi, au ni huyu mtoto mwenye maji yake tumboni.

Jana mtaa wote ulitoka uwanjani kuomba mvua. Wazee, wagonjwa, wanawake na vichanga mgongoni, midomo imewakauka. Imamu akainua mikono, watu wakaitikia amina huku wakilia. Nami niliinua yangu, nikaitikia kwa sauti kuliko wote.

Moyoni nilikuwa namwomba Mungu asiwasikilize.

Leo mchana upepo umegeuka. Huko upande wa milima kumeanza kunguruma.