Sura ya Mwatum Ndani ya Gemu

—Soud, huyu wa kuvuliwa ni nani?

Mwatum aliuliza akiwa bado hajaketi. Alikuja mjini Wete na mdogo wake, Mize, kuchagua vitambaa vya harusi, wakapita ofisini kwa mchumba wake. Soud alikuwa mchoraji. Aliichorea kampuni moja ya Ulaya watu wa gemu za kompyuta. Simu yake ilikuwa mezani, na ujumbe wa Kiingereza ulikuwa wazi. Mwatum, mwalimu wa skuli kijijini Wingwi, hakuhitaji kutafsiriwa:

"Malkia wako bado kajifunika sana. Mvue zaidi."

Soud aliinyakua simu.

—Kazi tu hiyo. Katuni.

—Mbona jasho linakutoka?

—Joto, Mwatum.

Feni ilikuwa ikizunguka juu ya kichwa chake.

Njiani kurudi Wingwi, Mize alimnong'oneza:

—Dada, unamdhania ana mwanamke?

—Simdhanii. Nina hakika.

Siku nne Soud akapiga simu, siku nne Mwatum akamjibu kwa mkato, akisikiliza kama kuna sauti ya mtu nyuma yake. Ijumaa mchana Mize akamjia mbio chumbani, simu mkononi.

—Dada, keti kwanza.

Lilikuwa tangazo la gemu mpya. Wapiganaji wanne. Mjapani na upanga wake, Mjerumani kavaa chuma toka utosini hadi nyayoni, Mmarekani mwenye maskhara mengi. Kila mmoja na jina lake na bendera ya nchi yake. Wa nne alikuwa mwanamke. Chini yake pameandikwa "Afrika" tu, jina hana. Mifupa shingoni, kipande cha ngozi kiunoni. Na wenzake walipozungumza, yeye alinguruma kama mnyama.

Sura ilikuwa ya Mwatum. Mpaka kidoti cha chini ya jicho la kushoto.

Alimpigia papo hapo.

—Umenivua mbele ya dunia nzima, Soud.

—Nisikilize. Mie nilimchora na kanga na mtandio. Nikampa jina, nikaandika katoka Pemba. Wao ndio waliotaka abadilishwe.

—Na mkono uliombadilisha wa nani?

—Mwatum, ni kazi tu...

—Nakuuliza, Soud!

—Wangu.

—Tangu lini?

—Nilianza Mfunguo Pili.

Posa ililetwa mwezi uliofuata, Mfunguo Tatu. Kumbe alikaa barazani kwao, akanywa kahawa, akasifiwa adabu, na kazi ile keshaianza!

—Kesho uje umwonyeshe Baba. Wewe mwenyewe.

Alikuja. Mzee Silima, baba yake Mwatum, alitazama mara moja tu, akageuza uso, akamrudishia simu.

—Na mbona hasemi huyu?

—Hakupewa maneno, Mzee.

—Mwanangu mie maneno anayo. Mwatum, sema.

Soud akamuwahi:

—Jana nimewaandikia. Wamekubali kuitoa sura yako. Tazama, hii ndiyo mpya.

Mwatum akatazama. Mifupa ile ile, ngozi ile ile. Msichana mwengine, mdogo kuliko yeye.

—Nani huyu?

—Simjui. Picha yake nimeikuta mtandaoni.

—Umemchora wewe? Jana?

—Ndio sharti walilonipa, nilete sura nyengine. Nimefanya kwa ajili yako, Mwatum.

Mwatum alimkazia macho. Wiki nzima alikuwa akimtafuta mwanamke mwengine ndani ya simu ile. Sasa kampata, na wivu haukuja. Alimwonea huruma msichana yule.

—Na huyu naye ana baba yake, Soud.

Akavua pete, akaiweka juu ya simu mkononi mwa Soud.

—Nenda. Mwambie mama'ko posa imevunjika. Na sababu yake umweleze mwenyewe, usinisingizie.