Kidonge cha Mume

Ndugu zangu mnaoficha vichwa chini ya vilemba na kofia, habari hii inawahusu.

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa shwari. Mume, fundi seremala, alikuwa uani akinoa randa na kuimba kwa ile sauti yake mbovu. Mkewe, msusi anayesifika mtaa mzima, alikuwa chumbani akijitazama kwenye kioo, na roho ikamuuma. Njia ya katikati ya nywele ilikuwa imepanuka, na pembeni mwa paji misuko ya kubana ya miaka mingi ilikuwa imezing'oa kabisa. Wateja humtazama msusi kichwa kabla ya kukaa kitini. Nani angemwamini?

Kabatini mlikuwa na vidonge vya upara ambavyo daktari alimwandikia mumewe, na utosi wake ulikuwa umeanza kufunikwa tena. Msusi akajiambia kwamba tatizo ni lile lile, basi na dawa ni ile ile. Akachukua kimoja na glasi ya maji.

Mumewe akaingia kutafuta kitambaa. Si mtu wa maneno mengi, lakini alimshika mkono.

"Hivi ni vyangu, mke wangu. Daktari alinionya, mwenye mimba akivinywa, mtoto wa kiume anaweza kuharibika maumbile tumboni."

Msusi akakaa kitandani. Siri ya mimba alikuwa nayo wiki mbili.

"Basi ninayo," akasema.

Hakugombezwa. Walikwenda wote hospitali. Vipimo vikaonyesha damu imepungua, akapewa dawa ya kuiongeza. Dawa ya kupaka kichwani ya kuotesha nywele, daktari alisema, ingesubiri hadi amalize kunyonyesha. Nayo hupakwa kila siku, huchukua miezi kuonyesha matunda, na mwanzoni nywele huweza kupukutika zaidi. Misuko ya kubana aliambiwa aiache.

Mama huyu alinyoa, akafungua saluni kichwa wazi. Kila aliyetaka kubanwa hadi macho yavutike alionyeshwa paji lile. Wateja wengine wakamhama, naye hakutetereka. Huo ndio ushujaa.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Msusi alimkagua kiungo kimoja kimoja, akalia kwa shukrani.

MAFUNZO

Nywele hutoka kwa sababu nyingi. Dawa ya mwenzako si yako, hata kama mnalala kitanda kimoja. Pimwa kwanza, na ukiwa na mimba sema mapema, maana aibu ya kichwa nusura imdhuru mtoto.