Askari wa Pili

Jua lilikuwa linazama mjini Kalemie, Huguette alipokwenda kwa shemeji yake Léon kudai mashine ya mchezo ya watoto wake. Hakubisha hodi. Alikuwa amechoka kubisha hodi.

Mume wake, Gauthier, alikufa ziwani, mtumbwi wake, uliokuwa ukivutwa kwa kamba na ule wa Léon, ulipozama. Kabla matanga hayajaisha, Léon alibeba televisheni, mashine ya mchezo, magodoro, hata masufuria, akiwaambia jamaa kwamba mjane njo mchawi, ndiye aliyemla mumewe.

Huguette alimkuta Léon akicheza. Ulikuwa mchezo uliotokana na zile filamu za vita vya angani. Hushiki kitu mkononi. Unasimama mbele ya kamera, ukiinua mkono, askari kwenye skrini anainua upanga wake wa mwanga. Kila mwili unaoonwa na kamera hupewa askari wake. Gauthier aliupenda sana. Alipigana kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia lilivunjika zamani.

"Nimekuja kuchukua vitu vya watoto," Huguette alisema, akibaki mlangoni.

Léon hakugeuka. Alimjibu kwamba mchawi hana watoto, akaendelea kukata hewa.

Kwenye skrini akatokea askari wa pili.

Huguette aliangaza macho sebule nzima. Mbele ya kamera alisimama Léon peke yake... Harufu ya nyavu mbichi ikajaa chumba. Maji yakaanza kudondoka sakafuni. Tone. Tone.

Askari wa pili aliinua upanga.

Kwa mkono wa kushoto.

Ukashuka. Askari wa Léon akaanguka, na Léon mwenyewe akapiga magoti, akajishika koo kama muntu anayezama.

"Shemeji," alinong'ona, "mwambie aache. Mwambie niliogopa. Mawimbi yangetumaliza wote, njo maana nilikata kamba."

Huguette angeweza kuita jina la mumewe. Hakuita. Alimtazama Léon akitapika maji mpaka skrini ilipozimika yenyewe, ndipo akachomoa nyaya na kuondoka na mashine.

Asubuhi Léon alikiri mbele ya jamaa, akarudisha kila kitu. Fundi mmoja sokoni alieleza kwamba kamera zile hukosea, huona muntu hata kwenye pazia. Huguette hakubishana naye. Lililomchoma lilikuwa lingine: yule aliyekuja hakumgeukia yeye hata kidogo. Gauthier asingeondoka bila kuulizia watoto.

Basi nani alikuja?

Na nani alimtuma, kama si yeye aliyeitwa mchawi?