Fungu Moja la Nywele

Kila alasiri Meng Suwen alirudi kutoka shuleni, akavua koti la sare, akala bakuli la tambi alizoachiwa jikoni, kisha akaketi mbele ya chanuo. Halikuwa chanuo la kichwani. Lilikuwa ubao uliosimamishiwa misumari mirefu ya chuma, umefungwa kwenye meza kwa skrubu nne. Kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Xuchang, takriban kila nyumba ilikuwa na ubao kama huo. Watu walilima ngano na mahindi, lakini nyumba nyingi ziliishi kwa nywele.

Nywele zilifika kwa magunia kutoka Uhindi na Myanmar. Mama yake Suwen na bibi yake walizichana, wakazipanga kwa urefu na kuzifunga mafungu mafungu. Mafungu yalikwenda kwenye karakana, yakashonwa mawigi, na mawigi yakasafirishwa kwa meli. Kazi ya Suwen ilikuwa kuhakikisha kwamba mashina ya nywele zote yako upande mmoja na ncha upande mwingine. Unywele una magamba madogo sana, na yote huelekea nchani. Pande mbili zikichanganywa, magamba hukwaruzana, na wigi likifuliwa mara ya kwanza tu hujisokota likawa kama kiota cha ndege. Kabla ya kufuliwa, jicho halioni tofauti yoyote.

Mwezi uliopita mteja mmoja alirudisha sanduku zima la mawigi yaliyojisokota. Mwenye karakana alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Likirudi sanduku la pili," alisema, "hii kazi naipeleka kijiji kingine. Msinilaumu."

Tangu siku hiyo mama alilala kidogo na bibi alichana polepole zaidi. Sasa walikuwa na mafungu mia mbili ya kumaliza kabla ya Jumatatu asubuhi, ya mawigi yatakayokwenda katika mji unaoitwa Mwanza. Suwen alikuwa ameutafuta mji huo kwenye ramani ya darasani. Uko kando ya ziwa kubwa.

Jumamosi mchana alikuwa peke yake kwenye ubao. Mgongo ulimuuma, na Jumatatu kulikuwa na mtihani wa hesabu. Alipokuwa akikaza uzi wa fungu moja, uzi ulichomoka. Nywele zikamwagika sakafuni, zikatawanyika huku na huku.

Sheria ya nyumba aliijua. Nywele zilizoanguka huwekwa kwenye kapu la mabaki, na bibi huzipanga upya, mmoja mmoja. Fungu kama lile lingemchukua siku mbili, na macho ya bibi yalikuwa yakitoa machozi tangu majira ya baridi.

Suwen aliziokota zote kwa kiganja, akazipitisha kwenye misumari mara tatu, akazifunga. Zilinyooka na kung'aa.

"Wee! Nimekuona," ilisema sauti dirishani. Alikuwa Lehan, binti wa jirani aliyesoma naye darasa moja, mkononi ana mkate wa mvuke ulioumwa nusu.

"Umeona nini?"

"Nimeona mtu anachakachua." Lehan alicheka. "Usinitolee macho hivyo, simwambii mtu. Kwani huko Mwanza nani anakujua? Wakifua wigi likajisokota, watasema maji yao mabaya. Njoo tufanye hesabu."

Suwen aliliweka fungu sandukuni pamoja na mengine, akaenda kufanya hesabu. Hakupata jibu hata moja sahihi.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, mama aliweka simu yake kwenye kishikilio, akawasha taa ya duara, akaanza kuuza mubashara. Alifanya hivyo mara tatu kwa wiki kwa niaba ya karakana. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kuongea. Alisema sentensi moja, simu ikaitafsiri kwa sauti ya mwanamke asiyechoka, na wateja wa mbali wakajibu kwa maandishi.

"Mteja anauliza kama wigi halitajisokota," mama alisoma. Akainama, akatoa fungu moja sandukuni, akaliinua mbele ya simu. "Hizi zimepangwa na mama mkwe wangu na binti yangu mwenyewe. Fua, chana, vaa. Likijisokota, nitafute mimi. Huu hapa uso wangu."

Simu ikayarudia maneno hayo kwa lugha nyingine, bila pumzi.

Suwen alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Hakujua kama fungu aliloshika mama ni lile lake. Yalifanana yote. Alisubiri mpaka taa ya duara ikazimwa.

"Mama, kuna fungu bovu humo. Ni langu. Lilianguka nikalifunga tu."

Mama aligeukia sanduku. Hakupiga kelele, pengine hakuwa na sauti ya kupigia.

"Lipi?"

"Sijui."

"Kati ya mia mbili, hujui." Mama alikaa juu ya gunia, akafunika uso kwa viganja. "Suwen, lori la karakana linakuja kesho saa moja asubuhi."

Bibi ndiye aliyeinuka. Alilivuta sanduku kwa mguu hadi katikati ya chumba, akachomoa unywele mmoja, akaushika kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Njoo hapa. Sugua vidole, mbele na nyuma. Unaona unavyotembea? Unywele hutembea kuelekea shina, siku zote. Magamba ndiyo yanayousukuma. Chukua kumi katika kila fungu. Zikitembea zote upande mmoja, fungu ni zima. Zikigawanyika, ndilo."

"Nywele elfu mbili, bibi?"

"Tuko watatu. Kaa chini."

Walikaa. Kwa saa nzima walisugua unywele baada ya unywele. Vidole vya Suwen vilipata joto, kisha vikauma, kisha vikafa ganzi. Mama alisinzia mara mbili akiwa na unywele mkononi.

"Babu yako," bibi alisema ghafla, "alianza biashara hii wakati ni marufuku. Gunia lake la kwanza lilichukuliwa na viongozi wa kijiji, akaandikwa mlanguzi. Miaka ikapita, serikali ikaruhusu. Akawa anazunguka kwa baiskeli, anabadilisha sindano na maputo kwa misuko ya wasichana. Hapo alichoka kama wewe. Akachanganya gunia moja, akaniambia, huko ng'ambo nani anatujua?"

Suwen aliinua kichwa. Yalikuwa karibu maneno ya Lehan.

"Ikawaje?"

"Mnunuzi hakuandika barua wala hakugomba. Hakurudi tu. Babu yako akawa anaenda stendi kila alasiri kumtazamia, miaka mitatu. Mimi ndiye niliyemwambia akae kimya, kwa hiyo sina mdomo wa kukugombeza."

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukuta wa jirani Suwen aliposhika unywele uliotembea kushoto, na uliofuata ukatembea kulia. Akajaribu wa tatu, wa nne.

"Ni hili," alisema.

Mama alilipima kwa vidole vyake, akatikisa kichwa kukubali, akalitupa kwenye kapu la mabaki. Kisha akampigia simu mwenye karakana.

"Ni mia moja tisini na tisa," alisema. "Moja tumelikuta bovu, tumelitoa wenyewe. Mengine tumeyapima yote." Akasikiliza. "Ndiyo, lililobaki tutalileta Jumatano." Akakata simu. "Amenuna. Lakini lori linakuja."

Bibi alikuwa akisugua macho kwa ncha ya aproni. Suwen alilichukua kapu la mabaki, akaliweka miguuni pake mwenyewe.

"Hizi nitazipanga mimi, bibi."

"Baada ya mtihani. Umechoka?"

"Nimechoka sana."

"Na mimi pia," bibi alisema. "Sikiliza, Suwen. Ukikosea na ukasema, unachoka leo, ukilala uchovu unaisha. Ukinyamaza, utachoka kila lori likipita, na usingizi hautakusaidia. Nimeonja uchovu wa aina zote mbili, najua. Sasa nenda ukanawe mikono, ulete daftari la hesabu."