Kioo cha Ofisi ya Mifugo

Mwizi alikuwa na mapenzi ya ajabu. Sakafuni palikuwa na kompyuta mpya, ingali ndani ya maboksi yake yenye harufu ya duka la Nairobi, naye akairuka. Akaondoka na ile kuukuu iliyokuwa mezani, ambayo hata kuiwasha kulihitaji dua.

Hivyo ndivyo Inspekta Loise Gitau alivyoelezwa asubuhi ya Jumanne, mwaka 1999, aliposhuka kwenye Landrova iliyomtoa Liboi. Hata vumbi la njiani alikuwa hajalinawa. Akaelezwa pia kwamba kesi imekwisha: OCS, mkuu wa kituo, ameshamkamata Sadia, katibu wa ofisi hiyo, na Alhamisi atapandishwa kortini.

"Imekwisha kabla sijafika," Loise akasema. "Basi mimi nimerudi kunywa chai."

Konstebo Mowlid, mzaliwa wa Garissa, alimweleza yaliyobaki wakitembea. Ofisi ilikuwa ya chama cha wauza mifugo, chumba kimoja karibu na soko la ng'ombe. Kufuli halikuvunjwa. Nondo za dirisha zilikuwa nzima. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa Sadia, mwingine wa mwenyekiti, Mzee Abdimalik. Mzee Abdimalik alikuwa mtu mzito mjini. Sadia alikuwa msichana wa Elwak aliyepanga chumba. OCS hakuhitaji kalamu kupiga hesabu hiyo.

Loise alianzia seli. Alimkuta Sadia ameketi wima, buibui limenyooka, kama anayesubiri kuitwa kwenye mahojiano ya kazi.

"Umeiba kompyuta?"

"Hapana, Inspekta. Hakuna aliyeiba kompyuta."

"Meza iko tupu, Sadia."

"Meza, ndiyo. Chini ya meza umeangalia?"

Maneno hayo alikuwa ameyasema tangu alipokamatwa kwa kila aliyevaa sare. Wale wa kaunta walicheka, kisha wakaandika kwamba mtuhumiwa anakana.

Loise alipomwuliza kama anaogopa jela, Sadia alitikisa kichwa. Alichokiogopa kilikuwa njiani, juu ya lori la mbuzi kutoka Elwak. Baba yake alikuwa ameshapata habari kwa simu ya redio. Alimruhusu bintiye kufanya kazi mjini kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitajwe vibaya. Akimkuta kortini, atarudi naye nyumbani, na safari hiyo haitakuwa na tiketi ya kurudia.

"Nimejifunza hiyo mashine peke yangu, usiku na mchana," Sadia akasema. "Kule Elwak nitaigusa wapi?"

Loise hakumwahidi kitu. Alikwenda ofisini.

Mji wa Garissa hauna ukarimu mkubwa kwa mpelelezi, lakini vumbi haujawahi kumnyima. Juu ya meza palikuwa na mraba safi, mahali kilipokuwa kitu kilichoondolewa. Chini ya meza lilisimama sanduku la kijivu, vumbi lake halijaguswa. Nyuma ya sanduku ulining'inia waya mnene uliokatwa kwa kisu. Kichwa cha waya kilikuwa bado kimefungwa kwa skrubu zake ndogo.

Loise akacheka peke yake, kwa sababu hata yeye, kwa siri, alikuwa akidhani kompyuta ni ile yenye kioo. Kituoni walikuwa na taipu iliyoruka herufi, na elimu yake ya mitambo iliishia hapo.

Mchana, jua lilipowafukuza watu wote vivulini, alimtoa Sadia kwa mlango wa nyuma wa kituo, akampeleka ofisini. Sadia alifungua boksi moja, akatoa kioo kipya, akakiunganisha na lile sanduku la zamani. Mashine ikakoroma. Ikafikiria. Kisha majina yakajipanga juu ya kioo, moja chini ya jingine: wanunuzi wa Mombasa, wa Nairobi, wa Uarabuni.

"Kwa hiyo hakuna kilichopotea," Loise akasema.

Sadia alimweleza kwamba kingeweza kupotea chote. Barua pepe walizishusha kwa kupiga simu Nairobi, na zikishashuka, kule zinafutwa. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya sanduku hilo. Anwani nazo hazikuwa na pengine pa kulala. Siku hiyohiyo ndiyo aliyokuwa amepanga kuhamisha kila kitu kwenye mashine mpya.

"Hamisha sasa. Mimi nitashika mlango."

Sadia akaiunganisha mashine mpya pembeni, kioo akikihamisha huku na huku, akatoa disketi zake kwenye mfuko wa nailoni. Alijaza moja, akaitoa, akaitia upande wa pili, akangoja. Moja ilikataa kusomeka. Hakuilaani. Aliiweka kando, akanakili upya kwenye nyingine. Zilipokwisha kuingia hakuridhika na hilo. Alifungua barua moja baada ya nyingine kuona kama zimefika nzima, kisha akapitia anwani kwa kidole. Loise, aliyewahi kuona vielelezo vya mahakama vikihamishwa kwa gunia, alimtazama kwa heshima.

"Mkishahamisha, majina haya yanakwenda wapi?"

"Kamati imeamua niyachape yote, yabandikwe sokoni. Kila mwanachama amwandikie mnunuzi mwenyewe."

"Na nani alikuwa akikaa nyuma yako ukifanya kazi?"

"Mzee Abdimalik, akitaka kujua bei. Na Adeer Shurie, ami wa kila mtu sokoni, dalali. Majina mengi ni yeye aliyenitajia. Alikuwa akikaa kwenye kile kiti, anatazama kioo kama mtu anayechunga maziwa yasichemke."

Loise akamgeukia Mowlid, aliyekuwa amewasindikiza.

"Sikiliza. Huyu msichana angetaka kuiba, angebeba sanduku. Mwizi wa pesa angebeba mpya. Mwizi wetu alitaka majina, na alidhani majina yanakaa palepale anapoyaona. Akakata waya kama anayekata kamba ya mbuzi, akaenda zake."

"Basi Sadia aachiliwe, Afande."

"Nikimwachilia leo, mwizi atashtuka. Akiwa ndani, atalala usingizi." Akamtazama Sadia. "Nivumilie mpaka soko la kesho."

"Na aabo, baba yangu, akifika leo?"

"Nitampokea mimi."

"Hajawahi kupokewa na polisi akafurahi."

Lakini alikubali, akarudi seli kwa miguu yake mwenyewe.

Mzee Abdimalik alihojiwa alasiri, mbele ya kituo, kwa sababu alikataa kukaa ndani kama mhalifu.

"Ufunguo wako huwa wapi, Mzee?"

"Kwa koti."

"Na koti huwa wapi?"

"Kwa mimi."

"Hata ukitawadha?"

Hapo Mzee akakiri. Koti hulitundika kwenye kiti cha hoteli anapokunywa chai. Jumatatu alikunywa na watu wengi, shemeji yake Shurie akiwemo, kama kila siku.

"Habari ya kubandika majina, uliipenda?"

"Hii mambo ya kuandika watu kwa ukuta mimi nilikataa. Kamati wakanishinda. Wewe unataka kusema mimi ni mwizi?"

"Nauliza tu, Mzee. Kuuliza ndiyo mshahara wangu."

Shurie alikuja baadaye, mrefu, ndevu zimepakwa hina, shuka jeupe begani. Alikuwa na majonzi yaliyopangwa vizuri. Alisema yeye ndiye aliyepata hasara kuliko wote, kwa kuwa wanunuzi wote walikuwa watu wake, na kubandikwa kwao sokoni hakukumpendeza. Jumatatu usiku alikuwa nyumbani, na mkewe angethibitisha hilo. Akamwombea Sadia msamaha kwa Mungu, jambo ambalo Loise aliliweka akilini, maana aliyeibiwa hulaani kwanza.

Wazee wawili, wote walikaa mbele ya kioo, wote hawakutaka majina yabandikwe, wote walikuwa karibu na lile koti. Loise aliomba ruhusa ya kupekua nyumba zao. OCS alimtazama kama aliyeomba kupekua msikiti.

"Lete ushahidi kwanza," akasema. "Ukikosa, Alhamisi kortini ni msichana."

Jumatano soko lilijaa mpaka uzio ukalegea. Ng'ombe wa Kotile walilia kuomba maji, ngamia walitazama watu kwa dharau yao ya kawaida. Na kila mahali, wanaume wawili wawili walisimama wameshikana mikono chini ya shuka. Ndivyo bei inavyopatikana pale. Mdomo unazungumzia mvua na afya ya watoto, lakini chini ya kitambaa vidole vinabanana, kila kidole na thamani yake, na jirani haoni kitu.

Mowlid alivaa macawisi, kikoi cha Kisomali, na kofia ya kushonwa kwa mkono. Hakujificha; mji mzima ulimjua kuwa polisi. Hilo ndilo lililomvutia Loise. Konstebo anayetafuta chai ya pembeni hakuna mtu ambaye angemtilia shaka.

Alianza na Mzee Abdimalik. Akamwamkia, akapenyeza mkono chini ya shuka lake, akamnong'oneza kwamba kile kioo kimeonekana, na kunyamaza kwake kuna bei.

Mzee hakuuliza bei. Alimshika sikio, akamvuta katikati ya ng'ombe na watu mpaka kwenye banda alilokaa Loise.

"Inspekta, hii mtoto yako inataka rushwa kwangu. Funga yeye."

"Nitamfunga, Mzee," Loise akasema kwa unyenyekevu wote. "Naomba kwanza anisaidie kazi ndogo."

Mowlid akarudi sokoni, sikio likiwaka. Alimkuta Shurie akiwaambia wanachama wenzake kwamba wasihofu, mashine imekwenda lakini Shurie yupo. Konstebo akasalimu, akapitisha mkono chini ya shuka jeupe, akasema maneno yaleyale.

Uso wa Shurie haukusogea. Alisema kwamba Kotile wamepata mvua nzuri mwaka huu. Mowlid akaitikia kwamba amesikia hivyo. Chini ya shuka, mkono wa mzee ukafunga kidole kimoja.

Mowlid akautikisa kukataa. Shurie akamwuliza habari za mama yake, akaongeza kidole. Mowlid akakataa tena. Mkono ukasita, ukabana, ukapanda, ukashuka kidogo, ukapanda. Ulikuwa mkono wa dalali, na dalali hawezi kushikwa vidole akakosa kujadiliana.

"Mmefika wapi?" Loise akauliza, akiwa amesimama nyuma yao.

"Tumefika bei ya ngamia mwenye mimba, Afande," Mowlid akajibu. "Na alikuwa bado anapanda."

Loise akaligusa shuka. "Mzee Shurie, mwenzako nilipompelekea biashara hii, alinivutia konstebo kwa sikio. Mtu asiye na kioo hana ukimya wa kununua. Twende nyumbani kwako."

OCS mwenyewe aliandamana nao. Kioo kilikuwa chumbani, juu ya sanduku la nguo, kimefunikwa blanketi, waya uliokatwa ukining'inia kama mkia. Mpiga alama za vidole hakuhitaji unga wake. Kioo kizima kilijaa mikono: viganja, vidole, mistari mirefu ya mtu aliyepapasa na kupapasa tena.

Shurie aliketi kitandani. Hakuomba wakili wala maji.

"Ufunguo ulitoka kwa koti la shemeji?" Loise akauliza.

"Ndiyo. Nikarudisha kabla ya sala ya alfajiri."

"Ulitaka kukivunja?"

"Kuvunja? Hapana." Alishangaa kweli. "Mimi nilitaka kusoma."

Loise alikaa kwenye kiti, akamwacha aseme.

Shurie alieleza polepole, Kiswahili chake kikikwama na Mowlid akikisukuma. Tangu ujana wake watu walimjia kwa sababu ya majina yaliyokuwa kichwani mwake. Nani ananunua, nani analipa, nani ni mwongo. Hakuwahi kuyaandika. Kisha umri ukaanza kuyaiba kichwani. Leo jina moja, kesho jingine, yakawa yanaondoka. Alipomwona Sadia na mashine, akafurahi. Akamtajia yote, moja moja, na kila asubuhi akaja kukaa nyuma yake kuyatazama, ili sokoni aonekane anayakumbuka.

"Hakuna mtu alijua. Hata mke wangu," akasema. "Halafu kamati wanasema yatabandikwa kwa ukuta. Mimi nitakuwa nani? Mzee moja na fimbo. Nikasema, nitaleta majina nyumbani. Yatakaa na mimi." Akakitazama kioo. "Nimekigonga, nimekibembeleza. Hakinipi hata moja."

"Na Sadia?"

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. "Nilijua wataachilia yeye. Nilijiambia hivyo."

"Ulijiambia uongo, Mzee."

"Ndiyo."

Shurie akatia sahihi taarifa yake, akapelekwa kituoni. Wizi ungekwenda kortini kama wizi wowote. Lakini jina la msichana lilikuwa limezungushwa mjini siku mbili nzima, na Loise hakutaka lisubiri tarehe ya hakimu.

Baba yake Sadia alikuwa ameshafika. Alisimama uani kituoni na vumbi lote la barabara ya Elwak, akiwa amekataa kiti, chai na salamu. Loise alimtoa Sadia seli, akamleta Shurie, akamwita Mzee Abdimalik na waliokuwa wamemfuata kutoka sokoni. Shurie alisema kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu anayenadi, kwamba mwizi ni yeye, kwamba msichana ni safi, na kwamba alimwacha alale ndani akijua. Akamwomba baba msamaha, kisha akamwomba binti.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza Mowlid swali fupi, na Mowlid akalitafsiri.

"Anauliza, hiyo mashine mpya, mbali na Sadia kuna mwingine anayeijua?"

Loise akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama chini.

"Hakuna," Mzee Abdimalik akakiri. "Hata kuwasha hatujui."

Baba aliokota mfuko wake, akaupangusa vumbi, akamkabidhi binti yake. Ndani mlikuwa na maziwa ya ngamia aliyoyabeba kutoka nyumbani.

"Basi mimi nitarudi peke yangu," akasema kwa Kiswahili, ili polisi wote wasikie. "Yeye ana kazi."